Trekta Lililokataa Kuwaka

Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu mtaziona picha za viongozi, hesabu za korosho na ufuta tuliouza, na salamu za wageni wetu wa heshima. Sisi wa ofisi ya Katibu, hapa Magomeni, tumepewa kurasa chache za historia. Tungaliweza kuzijaza kwa habari za mikutano na maazimio, maana majalada yake tunayo yote. Lakini tumeona ni afadhali tuandike habari za chombo kimoja ambacho kila mwanachama anakijua, na ambacho wengi wamepata kukicheka: lile trekta la kijivu linalosimama chini ya mwembe, uani kwa ofisi.

Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya matrekta katika nchi hii ya Kusini ni ndefu kuliko vijana wengi wanavyodhani, nayo ina mafundisho kwa kila chama cha ushirika. Pili, katika msimu wetu wa tatu trekta hili lilikataa kuwaka kwa muda wa siku tisa, katikati ya mvua za kupandia. Jambo hilo lilileta hasara na lawama, na lawama ile ilimwangukia mtu asiyeistahili. Habari zake kamili hazijapata kuandikwa mahali popote. Twaona kwamba mwaka huu wa sherehe ndio wakati wa kuziandika.

MATREKTA YALIVYOFIKA KUSINI

Mji wetu wa Mtwara, kwa sehemu kubwa, ni mtoto wa karanga na matrekta. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel wa United Africa Company alitoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika Mashariki. Tume iliyoongozwa na Bwana John Wakefield, aliyekuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, ikazunguka nchi na kushauri kwamba zaidi ya ekari milioni 3 zifyekwe katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha ikafika Urambo na Nachingwea.

Kwa ajili ya Nachingwea ilikusudiwa bandari ya maji marefu, na bandari hiyo ndiyo hii yetu ya Mtwara; reli nayo ikatandikwa kutoka pwani kwenda bara. Gati lilifunguliwa mwaka 1954, lakini mpango wenyewe wa karanga ulikuwa umekwisha kuachwa tangu Januari 1951, na hasara yake ilihesabiwa kuwa zaidi ya pauni milioni 36. Reli haikuishi sana. Katika miaka ya 1960 iling'olewa. Gati limebaki, na leo korosho zetu hupita juu yake.

Watu wakisimulia habari za karanga husema kwamba mvua zilikuwa chache na kwamba udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama tofali. Hayo ni kweli. Lakini yako ya tatu, nayo ni mashine. Viwanda vya Ulaya vilikuwa vimechoshwa na vita, na matrekta mapya hayakupatikana ya kutosha. Basi yakanunuliwa yale yaliyokwisha kutumika jeshini, mengine yakiletwa kutoka mbali kama Ufilipino. Vifaru vya Sherman viligeuzwa na kiwanda cha Vickers kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Kufikia mwisho wa kiangazi cha mwaka 1947, kama theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa yamelala bila kazi. Katika mwaka wa kwanza zilitazamiwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Karakana haikuwa tayari, vipuri havikufika pamoja na mashine, na watu wengi waliwekwa kwenye usukani kabla ya kufundishwa inavyopasa.

Matrekta makubwa ya kufyekea mengi yalikuwa ya dizeli. Hata hivyo, petroli ilikuwa na sauti hata humo. Matrekta mengi ya minyororo ya Caterpillar ya zamani hizo yalikuwa na injini mbili: kubwa ya dizeli ya kufanya kazi, na ndogo ya petroli iliyowekwa kwa ajili ya kuiamsha ile kubwa. Dereva aliwasha ndogo kwanza, akaiacha ipate moto, kisha akaiunganisha na kubwa mpaka kubwa ikashika. Ndogo ikikataa, kubwa nayo hulala. Tunaomba wasomaji walikumbuke jambo hili, maana tutalirudia mwishoni.

INJINI YA PETROLI INATAKA NINI

Kabla ya kuendelea, yatupasa kuondoa utata wa neno moja. Kijana mmoja wa ofisini kwetu aliwahi kusoma kitabu cha Kimarekani kinachoeleza matrekta ya zamani. Alikuta kila mahali pameandikwa kwamba yanatumia gesi, akaja mbio kutuuliza kama trekta letu lingeweza kuungwa na bomba la Madimba! Tulicheka sana, lakini swali lilikuwa na maana. Wamarekani huiita petroli kwa jina hilo la gesi kwa kufupisha. Kwetu Mtwara gesi ni ile iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, ambayo tangu mwaka 2015 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Basi ijulikane kwamba matrekta tunayoyasimulia hapa ni ya petroli.

Injini ya dizeli huwasha mafuta yake kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Injini ya petroli haiwezi hivyo. Yenyewe hutaka mambo matatu, nayo huyataka yote kwa wakati mmoja. La kwanza ni mchanganyiko wa petroli na hewa kwa kiasi kilicho sawa. La pili ni cheche ya moto yenye nguvu, inayofika kwa wakati wake. La tatu ni mgandamizo ndani ya silinda. Likikosekana moja, hayo mengine mawili hayafai kitu. Ni mfano wa mafiga: jiwe moja likiondolewa, chungu hakikai.

Mafuta huharibika kwa njia nyingi. Petroli ikikaa miezi mingi katika tangi, sehemu yake nyepesi huruka, na kinachobaki huacha utomvu unaoziba vitundu vidogo vya kabureta. Tangi likiachwa nusu tupu, unyevu wa usiku hugeuka maji, nayo maji hushuka chini na kutangulia kuingia katika bomba. Kifuniko cha tangi kina tundu la kupitisha hewa. Likizibwa na vumbi, injini huwaka kidogo na kuzimika, na mtu akadhani kwamba mafuta yamekwisha. Wakati wa joto kali petroli yaweza kuwa mvuke ndani ya bomba lenyewe, na mvuke haunyweki na kabureta. Tena iko ile choki, inayozuia hewa asubuhi injini ikiwa baridi. Asiyeivuta hapati moto. Aivutaye kupita kiasi huzilowesha plagi, naye hapati moto vile vile.

Cheche nayo ina safari yake. Umeme hutoka katika betri, hupita katika koili unakoongezwa nguvu mara nyingi sana, platini huukata na kuufungulia kwa mpango, na distributa huugawia kila plagi kwa zamu. Mahali popote katika safari hiyo panaweza kuwa na adui: platini zilizoungua, waya uliopasuka, unyevu ndani ya kofia ya distributa, plagi iliyojaa masizi. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, yaani upepo wa bahari wenye chumvi. Chumvi hula vichwa vya betri na viungo vya waya kimya kimya, hata chuma kinaonekana kizima kwa nje kumbe umeme haupiti.

Mgandamizo ndio huchoka polepole kuliko vyote, kadiri ringi na valvu zinavyolika. Fundi mzoefu huupima kwa mkono: huzungusha hendeli taratibu, akasikiliza kama silinda inashindana naye.

Hendeli hiyo ina historia yake. Trekta la Fordson, ambalo Henry Ford alianza kuliuza mwaka 1917, halikuwa na stata. Nguvu ya mkono wa dereva ndiyo iliyoliamsha. Injini ikishika kabla ya wakati, hendeli hurudi nyuma kwa ghadhabu, na wengi walivunjwa mkono. Ndiyo sababu madereva wa zamani walifundishwa kuvuta hendeli kwenda juu, wala wasiisukume kwenda chini, na kukiweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, ili ikirudi iponyoke.

Yako pia matrekta yaliyotumia mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, kwa kuwa yalikuwa rahisi kwa bei. Hayo yalikuwa na matangi mawili. Yaliwashwa kwa petroli ya tangi dogo, na injini ikipata joto dereva aligeuza kilinda akaingia tangi kubwa. Jioni ilimpasa kuirudia petroli kwa dakika chache kabla ya kuzima, ili kabureta ibaki na petroli kwa ajili ya kesho. Aliyesahau jioni alijuta asubuhi, maana mafuta ya taa hayawaki katika injini baridi. Kwa hiyo asubuhi ya trekta hutengenezwa jana yake jioni.

Trekta letu ni Ferguson, aina ya TE20. Aina hii iliundwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 mpaka 1956, kwa mpango wa Bwana Harry Ferguson wa Ireland, na yalitoka zaidi ya 500,000. Ni dogo, jepesi, la rangi ya kijivu, na jembe lake huinuliwa kwa nguvu ya mafuta kwa mikono mitatu ya nyuma, mtindo ambao dunia nzima sasa imeufuata. Kulipiga stata hutumii swichi ya kawaida: fimbo ile ile ya gia husukumwa mahali penye alama ya S, kwa hiyo huwezi kuliwasha likiwa ndani ya gia na kumkanyaga aliye mbele. Na lina desturi moja ambayo magari ya leo hayana: waya wa betri uliofungwa kwenye mwili wa trekta ni ule wa chanya, si wa hasi. Wasomaji walishike hilo, kwani ndipo penye kisa chetu.

USHIRIKA NA MATREKTA

Hatukuwa wa kwanza katika ushirika kujaribu matrekta. Mwaka 1964 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, kule kanda ya Ziwa, lililokuwa mojawapo ya mashirika makubwa ya wakulima katika Afrika, lilianzisha mashamba ya pamoja yaliyolimwa kwa matrekta. Nia ilikuwa njema. Lakini ekari zilizolimwa zilikuwa chache kuliko zilizotazamiwa, gharama zikapita mapato, na deni likabaki kwa vyama. Haikupita muda mrefu, mwaka 1967, Azimio la Arusha likatukumbusha kwamba fedha si msingi wa maendeleo, bali watu na juhudi yao.

Baadaye, mwaka 1976, vyama vikuu vilivunjwa nchini kote, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Historia hiyo mwaijua, nasi hatutaieleza kwa urefu. Twasema neno moja tu: chama kikivunjika, fedha zaweza kutafutwa tena, lakini ujuzi wa watu na daftari za kazi vikipotea havirudi kwa urahisi. Tulipoanza miaka 10 iliyopita, tulikuwa na wanachama, tulikuwa na katiba, tulikuwa na mhuri. Hatukuwa na mtu ofisini aliyejua plagi.

MSIMU WA TATU

Trekta tulilinunua katika mwaka wa pili, kwenye mnada wa shamba moja lililofungwa. Bei ya trekta jipya ilitushinda, na hili lilikuwa likiwaka vizuri siku ya mnada. Kazi yake ilikuwa mbili: kuvuta tela la magunia ya korosho kutoka maghala ya vijijini mpaka barabara kuu, na kulima mashamba ya mpunga ya wanachama katika bonde la Ruvuma, upande wa Mahurunga na Kitaya. Tulimwajiri dereva mmoja, mtu mpole, mwenye leseni. Mwaka wa kwanza alifanya kazi bila lawama.

Msimu wa tatu wanachama wa bondeni walilipa arubuni mapema, wakapewa risiti na tarehe. Mvua za kwanza zikanyesha. Asubuhi iliyopangwa dereva alipiga stata. Injini ikazunguka kwa nguvu, lakini haikuwaka. Akarudia, ikazunguka vile vile. Akafungua plagi akazikuta zimelowa, akazifuta, akazirudisha. Akasafisha kabureta. Akazungusha hendeli mpaka viganja vikatoka malengelenge. Vijana wakalisukuma trekta kutoka mwembeni mpaka barabarani na kulirudisha. Siku moja ikawa mbili, mbili zikawa tano. Tulikodi trekta la mtu kwa bei ya juu, nalo likalima mashamba machache tu likaondoka kwenda kwa aliyetoa zaidi. Mvua haikungoja.

Siku ya saba Halmashauri ilikutana kwa haraka. Mama mmoja wa Mahurunga alikuja kwa miguu mpaka njia panda, kisha kwa basi, akaomba kusema. Alisimama, akainua risiti yake juu.

"Waheshimiwa," alisema, "fedha yangu mliipokea, na karatasi mkanipa. Mvua imekuja shambani kwangu, trekta halikuja. Sasa mwanikusudia nikapande risiti?"

Hakuna aliyecheka. Katika kikao hicho mjumbe mmoja akasema kwamba dereva ameharibu injini kwa uzembe. Mwingine akasema huenda ameuza petroli na kutia maji. Ushahidi haukuwapo. Lakini ofisi nzima ilikuwa na aibu, na aibu hutafuta mgongo wa kukalia. Dereva alisimamishwa kazi siku ile ile bila mshahara. Sisi tuliandika barua hiyo kwa mkono wetu.

Siku ya tisa mzee mmoja wa hapa Magomeni, fundi aliyekwisha kustaafu, alipita akitoka msikitini. Baba yake alikuwa dereva wa matrekta Nachingwea, na yeye alikulia karakanani akiosha vyuma. Tulimwamkia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, wanangu. Nasikia mna mgonjwa. Yuko wapi?"

Tulimpeleka mwembeni. Hakugusa kitu kwa muda mrefu. Alilizunguka trekta kama mtu anunuaye ng'ombe. Kisha akauliza maswali matatu. Petroli hii imekaa tangu lini? Tukasema, tangu kiangazi. Kofia ya distributa imepata kukaushwa? Tukatazamana. Na nani aliyeifunga betri hii?

Swali la tatu lilitushangaza. Mzee alituonyesha. Vichwa vya betri havilingani: cha chanya ni kinene kidogo, cha hasi ni chembamba. Kwa hiyo vibanio vya waya navyo havilingani. Kibanio kimoja kilikuwa kimepanuliwa kwa bisibisi kwa nguvu, hata kikapasuka ukingoni. Cha pili kilikuwa kinalegea, na mtu alikuwa amekijaza kipande cha bati la kopo la maziwa ili kikaze.

"Betri haikuvikataa vibanio hivi bure," alisema Mzee. "Ilikuwa inawaambieni jambo. Mmeifunga kinyume."

Hapo ndipo tulipokumbuka, na miguu ikatulegea. Mwezi mmoja kabla yake, siku ya Mkutano Mkuu, umeme ulikatika. Dereva alikuwa likizoni. Ofisi iliitoa betri ya trekta ili ivipe nguvu vipaza sauti, na jioni kijana wa ofisi akairudisha, sisi tukimshikia taa. Aliifunga kama magari ya leo, hasi kwenye mwili. Vibanio vilipokataa tulimwambia avilazimishe. Lile bati la kopo la maziwa tulilikata sisi.

Mzee alitueleza kwa utaratibu. Betri ikifungwa kinyume, stata ya trekta hili huzunguka vile vile upande ule ule, kwa hiyo mtu huona kwamba umeme ni mzima. Lakini cheche inayotoka katika koili hulazimika kuruka kinyume cha ilivyopangwa, nayo hutaka nguvu zaidi ili kuruka. Injini ikiwa safi na hewa kavu, huenda ingewaka hivyo hivyo. Hapa palikuwa na petroli iliyochakaa, unyevu wa mvua katika kofia ya distributa, na cheche dhaifu. Makosa matatu madogo yalishikana mikono, kila moja peke yake lisingeweza kulilaza trekta siku tisa. Dereva aliyahangaikia mawili; la tatu hakulijua, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba betri ilipata kutolewa.

Betri ikageuzwa. Vibanio vikaingia mahali pake bila bati. Kofia ikafutwa na kukaushwa juani, platini zikapitishwa msasa laini, petroli ya zamani ikamwagwa, mpya ikatiwa. Mzee akavuta choki, akasukuma fimbo kwenye alama ya S. Trekta likakohoa mara mbili, likawaka. Watoto wa jirani wakapiga makofi. Sisi hatukupiga.

YALE AMBAYO HATUKUYAANDIKA

Trekta lilikwenda Mahurunga siku iliyofuata, likalima lilivyoweza. Waliochelewa kupanda walivuna kidogo msimu ule, na wengine hawakuvuna. Arubuni zilirudishwa. Mavuno hayakuwa na wa kuyarudisha.

Dereva naye aliitwa arudi kazini baada ya miezi miwili. Lakini katika kumbukumbu za Halmashauri paliandikwa tu kwamba amerejeshwa "baada ya Halmashauri kutafakari". Ile habari ya betri, vipaza sauti na kopo la maziwa haikuingia katika daftari. Sisi tuliokuwa na kalamu hatukuiandika. Kwa miaka saba wako wanachama waliomwona akipita juu ya trekta wakasema: huyo ndiye aliyetukosesha mpunga. Yeye hakujibu kamwe. Mwaka jana tulikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi, tukamwomba pia ruhusa ya kuandika habari hizi. Aliinama kidogo, akasema, "Andikeni, ndugu zangu. Watoto wangu wanajua kusoma."

Basi tunaandika. Trekta halikuharibiwa na dereva. Petroli haikuuzwa. Kosa lilianzia katika ofisi ya Katibu, na ofisi ya Katibu ndiyo inayolikiri mbele ya wanachama wote. Mshahara wake wa miezi miwili ulilipwa mwaka jana kwa idhini ya Halmashauri, na safari hii kumbukumbu zimeandikwa kwa ukamilifu.

Tangu siku zile tumeweka kanuni chache, nazo zingali zikifuatwa. Trekta lina daftari lake: kila mtu anayeligusa huandika alilofanya, awe fundi, dereva au Katibu. Betri ina alama ya rangi, nyekundu kwa chanya, na haitolewi kwa shughuli nyingine yoyote, hata Mkutano Mkuu ukiwa gizani. Petroli hununuliwa kwa kiasi cha kazi, na tangi hujazwa jioni ili umande usipate nafasi. Vichwa vya betri hupakwa grisi kwa ajili ya chumvi ya bahari. Kabla ya msimu trekta huwashwa mara moja kila juma, lisije likatushtukiza siku ya mvua. Na ikiwa halikuwaka, hatuulizi kwanza ni nani. Twauliza kwa mpango: mafuta, cheche, mgandamizo.

Ndugu wanachama, katika miaka 10 ijayo Chama kinakusudia kuwa na matrekta mapya, na mazungumzo yamekwisha kuanza. Jambo hilo twaliunga mkono. Lakini tukumbuke gati letu lililofunguliwa baada ya karanga kuachwa, na mashamba ya ndugu zetu wa Ziwa. Tukumbuke hasa yale matrekta makubwa ya zamani yaliyoamshwa na injini ndogo pembeni. Chama Kikuu ni kama trekta lile. Mtaji wake ni mkubwa, na majengo yake yanaonekana. Kinachokiamsha ni mambo madogo: daftari lililojazwa, fundi aliyefundishwa, kipuri kilichowekwa akiba, na Katibu anayesema kweli asubuhi ya kwanza badala ya mwaka wa saba.

Mzee wetu fundi hayupo tena duniani. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kile kipande cha bati tumekitundika ukutani ofisini, karibu na cheti cha kuandikishwa kwa Chama. Mgeni akiuliza, humweleza habari zake yote, tukianzia na sisi wenyewe.

Twawatakia wanachama wote sherehe njema, mvua za wakati wake, na msimu wa heri.